Je, ECG pekee inaweza kutambua apnia ya usingizi?

Swali: Shikamoo Daktari. Ninasoma uhandisi wa vifaa tiba na niko mwaka wa mwisho. Kwa ajili ya mradi wangu nimeandika programu inayosoma rekodi za usiku za ECG, yaani umeme wa moyo, kutoka kanzidata ya Apnea-ECG iliyoko PhysioNet, hifadhi ya mtandaoni ya rekodi za kitabibu, kisha inaamua dakika kwa dakika iwapo mtu alikuwa akikatika pumzi usingizini. Nilichanganya dakika zote za rekodi zote, nikatenga asilimia 20 kwa majaribio, na usahihi ukafika asilimia 97. Msimamizi wangu hajaridhika. Anasema ECG haipimi pumzi, na kwamba matokeo hayo ni mazuri kupita kiasi. Je, ana haki ya kutilia shaka? Na je, ninaweza kutumia mapigo yanayosomwa na saa ya mkononi badala ya ECG?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako anasema kweli katika yote mawili, ila hoja zake hizo hazina uzito sawa. Ni kweli kwamba ECG haipimi pumzi, lakini hilo peke yake si sababu ya kuutupa mradi, kwa kuwa pumzi huutikisa moyo kwa njia zinazojulikana na kupimika. Ni kweli pia kwamba asilimia 97 ni nyingi mno, na hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe, ambalo kwa maoni yangu haliko katika moyo wala katika vichujio vyako, bali katika namna ulivyozigawa dakika. Nitaanza na moyo, kwa sababu bila kuelewa kinachoonekana ndani ya rekodi ni vigumu kuelewa jinsi mgawanyo huo ulivyokupotosha.

Katika apnia ya kuziba, misuli ya koo hulegea wakati wa usingizi hadi njia ya hewa inazibika, ilhali kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika kuvuta hewa isiyopita. Kanuni za maabara za usingizi huhesabu tukio kuwa apnia pale mtiririko wa hewa unapopungua kwa asilimia 90 au zaidi kwa muda usiopungua sekunde 10. Hipopnia huhesabiwa pale unapopungua kwa asilimia 30 au zaidi kwa muda huohuo, na upungufu huo ukaambatana na kushuka kwa oksijeni ya damu kwa angalau asilimia 3 au na kuzinduka kwa ubongo. Njia ikiwa imeziba, oksijeni hushuka, neva ya vagasi huzidi nguvu na mapigo ya moyo hupungua kasi. Kisha ubongo huzinduka kwa sekunde chache, kiasi kwamba mlalaji mwenyewe hakumbuki lolote asubuhi; koo hufunguka, pumzi kubwa kadhaa huvutwa kwa mkoromo, neva za simpathetiki huchangamka na moyo huenda mbio.

Ukitazama muda kati ya wimbi R (kilele kirefu cha kila pigo katika ECG) moja na jingine, yaani muda wa RR, utauona mwendo huo waziwazi. Tuseme mlalaji ana milisekunde 950 kati ya pigo na pigo: kadiri pumzi inavyoendelea kukatika, muda huo hurefuka taratibu hadi kama 1,100, kisha huporomoka hadi 750 ndani ya mapigo machache tu pumzi inaporudi, halafu mtu huzama tena usingizini na mzunguko huanza upya. Mzunguko mmoja kwa kawaida huchukua kati ya sekunde 20 na zaidi kidogo ya dakika moja, na kwa mgonjwa mwenye hali mbaya unaweza kujirudia kwa saa nzima bila kukoma. Christian Guilleminault na wenzake waliueleza mnamo 1984 katika jarida la The Lancet, wakaona kwamba rekodi ya ECG ya saa 24 ingeweza kutumika kuwabaini wagonjwa wanaostahili kuchunguzwa zaidi. Kwa hiyo wazo la mradi wako lina mizizi ya zaidi ya miaka 40, na msimamizi wako akilipinga kwa sababu tu ECG haipimi pumzi, una pa kusimamia.

Kuna njia ya pili ambayo wanafunzi wengi huisahau. Elektrodi zimebandikwa kifuani, na kifua kinapopanuka na kusinyaa, umbali kati ya elektrodi na moyo hubadilika, upinzani wa umeme wa kifua hubadilika, na mhimili wa umeme wa moyo huzunguka kidogo. Matokeo yake ni kwamba kimo cha wimbi R hupanda na kushuka pamoja na kila pumzi. Ukiviunganisha vimo hivyo kwa mstari laini unapata mchoro wa upumuaji uliochimbwa ndani ya ECG, jambo ambalo George Moody na wenzake walilionyesha mnamo 1985. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo unatarajia kilele cha spektra (mchoro wa nguvu ya ishara kwa kila masafa) kati ya 0.2 na 0.33 Hz. Hata hivyo, zingatia kwamba mchoro huo unaonyesha juhudi ya kifua, wala si hewa iliyopita kooni. Katika apnia ya kuziba kifua bado kinahangaika, na mchoro unaweza kuendelea kucheza kana kwamba mtu anapumua. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu hayasemi ni milimita ngapi zimenyesha; kwa ECG unaona kwamba mwili unataabika, ila kiasi cha hewa kilichopotea hukioni.

Sasa tuje kwenye uchakataji wenyewe. Hujanieleza uliyapataje mawimbi R, lakini nadhani umetumia algoriti ya Jiapu Pan na Willis Tompkins ya mwaka 1985 au mojawapo ya vizazi vyake, nami sina neno nayo. Mpangilio wake unastahili kueleweka hatua kwa hatua na si kuitwa tu kutoka kwenye maktaba ya programu. Kwanza ishara hupitishwa kwenye kichujio kinachobakiza takriban 5 hadi 15 Hz, eneo ambalo nguvu kubwa ya kundi la QRS (mawimbi makali ya pigo, ambayo R ni kilele chake) hukaa, na hivyo kuondoa kuyumba kwa mstari wa msingi kunakosababishwa na upumuaji na jasho, mnung'uniko wa umeme wa ukutani wa 50 au 60 Hz, na sehemu kubwa ya mtetemo wa misuli. Kisha huchukuliwa mteremko wa ishara, kwa sababu QRS hupanda na kushuka ghafla kuliko wimbi P linaloitangulia au wimbi T linaloifuata. Mteremko huo hupigwa kipeo cha pili ili kila kitu kiwe chanya na vilele vikubwa vizidi kukua, halafu wastani unaotembea wa milisekunde 150 huligeuza kila kundi la QRS kuwa kilima kimoja. Vizingiti viwili vinavyojirekebisha vyenyewe huamua kilima kipi ni pigo; hakuna pigo linalokubaliwa ndani ya milisekunde 200 baada ya jingine, kwa kuwa misuli ya moyo haiwezi kuamshwa tena mapema hivyo, na kilele kinachotokea kabla ya milisekunde 360 hukaguliwa mteremko wake ili kuhakikisha si wimbi T. Kwa kanzidata ya MIT-BIH ya mapigo yasiyo ya kawaida, yenye rekodi 48 za nusu saa kila moja, waandishi waliripoti kutambua sawasawa asilimia 99.3 ya mapigo.

Asilimia hiyo inapendeza, lakini usiku mmoja una mapigo kama 30,000, na hata kosa moja katika kila mia linakuachia makosa 300. Pigo moja lililorukwa hugeuza milisekunde 900 mbili kuwa 1,800 moja. Pigo lililokuja kabla ya wakati wake huleta muda mfupi unaofuatwa na mrefu. Katika spektra, kila kosa la namna hiyo humwaga nguvu katika masafa yote, na ukiwa na kumi na mbili ndani ya dakika tano, mzunguko wa apnia unaoutafuta unafunikwa. Kwa sababu hiyo safu ya RR inapaswa kusafishwa kabla ya jambo lingine lolote: linganisha kila muda na wastani wa majirani zake, weka alama kwenye unaopotoka kupita kiasi, ujaze pengo kwa makadirio, na ikiwa mapengo yamezidi sehemu fulani ya dirisha, yaani kipande cha rekodi kinachochambuliwa kwa pamoja, itangaze dakika hiyo kuwa haisomeki badala ya kulazimisha jibu. Ningependa kuona katika ripoti yako ni dakika ngapi zilitangazwa hazisomeki. Mradi usiokuwa na hata moja hunitia wasiwasi.

Jambo dogo kuhusu rekodi zako: zilichukuliwa kwa sampuli 100 kwa sekunde, maana yake ni kwamba wakati wa kila pigo unajulikana kwa hatua za milisekunde 10. Kwa mzunguko wa apnia unaoyumbisha RR kwa milisekunde mia moja au zaidi, hilo si tatizo. Kwa mabadiliko ya RR yanayofuata pumzi ya kawaida, ambayo kwa mtu mwenye umri mkubwa yanaweza kuwa madogo sana, hatua hizo ni kubwa mno, na inafaa kupitisha parabola kwenye sampuli tatu za kileleni ili kukadiria mahali halisi pa R. Kumbuka pia kwamba sampuli 100 kwa sekunde haziwezi kubeba masafa yaliyo juu ya 50 Hz, wakati ECG ya kutambua magonjwa hurekodiwa kwa takriban 0.05 hadi 150 Hz. Usije ukashawishika kutumia rekodi hizi, au ishara uliyokwisha kuichuja kwa 5 hadi 15 Hz, kuhukumu sehemu ya ST au umbo la wimbi P. Kichujio kinachosaidia kuhesabu mapigo ndicho kinachoharibu umbo lake.

Baada ya kusafisha, safu ya RR, ambayo kwa asili haina nafasi sawa kati ya nukta zake, hujazwa upya kwa mfano mara 4 kwa sekunde, kisha huingizwa katika uchambuzi wa spektra. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1996 kuhusu kubadilikabadilika kwa mapigo uliweka bendi ya chini sana kati ya 0.003 na 0.04 Hz, bendi ya chini kati ya 0.04 na 0.15, na bendi ya juu kati ya 0.15 na 0.4. Mizunguko ya apnia inaangukia takriban 0.015 hadi 0.05 Hz, yaani inakaa juu ya mpaka wa bendi mbili za kwanza, na ukizitumia bendi hizo kama zilivyo unaikata ishara yako vipande viwili kwa mikono yako mwenyewe. Afadhali utengeneze bendi yako. Vilevile, mzunguko wa sekunde 50 hauwezi kuonekana kama mzunguko ndani ya dirisha la dakika moja, kwa sababu haujirudii hata mara mbili. Ndiyo maana karibu kila anayefanya kazi hii hutumia dirisha pana zaidi, tuseme dakika tano, na kuipa lebo dakika ya katikati. Nina hakika kuwa nawe umefanya hivyo, kwa sababu bila hivyo usingefika mbali.

Na hapo ndipo mgawanyo wako ulipoharibika. Kama dakika ya 120 ya rekodi fulani imeangukia kwenye majaribio na dakika ya 121 imeangukia kwenye mafunzo, dirisha la kila moja lina dakika tano, na nne kati ya hizo ni zilezile. Programu yako imekwisha kuona asilimia 80 ya mtihani kabla ya kuingia chumba cha mtihani. Kwa kuwa umechagua asilimia 20 kwa bahati nasibu, karibu kila dakika ya majaribio ina majirani wa aina hiyo pande zote mbili, na kwa kuwa apnia huja kwa mfululizo mrefu, lebo ya jirani kwa kawaida ndiyo lebo ya dakika yenyewe. Hata programu isiyojua chochote kuhusu moyo, ambayo kazi yake ni kunakili lebo ya dakika ya mafunzo inayofanana zaidi na ile iliyo mbele yake, ingepata alama za kuridhisha.

Kuna njia ya pili ya majibu ya mtihani kuvuja, ambayo haiishi hata ukitumia madirisha ya dakika moja yasiyogusana. Katika kanzidata hii, rekodi za kundi A zina angalau dakika 100 za apnia na nyingine zimejaa apnia karibu usiku kucha, wakati zile za kundi C zina chini ya dakika tano. Mtu ana wastani wake wa mapigo, kimo chake cha R na namna yake ya kupumua. Programu ikijifunza kwamba mwenye mapigo 74 kwa dakika na R ya kimo fulani huwa na lebo ya apnia, imejifunza kumtambua mtu, wala haijajifunza ugonjwa. Watu haohao wakiwemo katika mafunzo na katika majaribio, huwezi kuutofautisha ujuzi huo na ujuzi halisi. Kosa hili limeingia hata katika makala zilizochapishwa, na ndilo swali la kwanza ninalouliza ninaposoma dai la usahihi mkubwa: je, mtu yeyote alionekana pande zote mbili?

Kwa Apnea-ECG swali hilo lina ugumu wake wa ziada. Kanzidata ina rekodi 70, na 35 kati ya hizo zilitengwa tangu mwanzo kwa mafunzo na 35 kwa majaribio, kila nusu ikiwa na takriban dakika 17,000. Rekodi hizo, zilizotolewa na Thomas Penzel wa Chuo Kikuu cha Philipps kilichoko Marburg, Ujerumani, zilitoka kwa watu 32 tu, hivyo baadhi yao wana zaidi ya usiku mmoja. Tena rekodi c05 na c06 zinatokana na usiku uleule, moja ikianza sekunde 80 baada ya nyingine. Ukiwa umeweka moja upande huu na nyingine upande ule, umeweka nakala. Anza kwa kutumia mgawanyo rasmi wa 35 kwa 35, uondoe moja kati ya hizo mbili, na uyachague mapendeleo yote ya programu, yaani vizingiti, sifa na idadi ya tabaka, kwa kutumia nusu ya mafunzo peke yake huku ukiiacha nje rekodi nzima kila mara. Nusu ya majaribio ifunguliwe mara moja, mwishoni.

Kitakachotokea nakuambia mapema, usije ukavunjika moyo: usahihi utashuka. Katika mashindano yaliyoandaliwa mwaka 2000 kwa kutumia rekodi hizihizi, timu bora ilifikia asilimia 92 na ushei kwa dakika za majaribio, na baadhi ya timu zilitenganisha rekodi za kundi A na C bila kosa. Ukipata asilimia 87 kwa mgawanyo safi, umefanya kazi ya heshima kuliko hiyo 97. Ila usiupime usahihi peke yake. Takriban asilimia 38 ya dakika za mafunzo ndizo zenye apnia, hivyo programu inayosema hakuna apnia kila dakika hupata asilimia 62 bila kufanya kazi yoyote. Ripoti unyeti, yaani sehemu ya dakika za apnia ulizozinasa, na umahususi, yaani sehemu ya dakika salama ulizoziacha salama, kwa kila rekodi peke yake. Ukikuta unyeti wa asilimia 95 kwa wagonjwa wa hali mbaya na 30 kwa wale wa kundi B, lililo kati ya A na C, umepata habari ya maana kuliko wastani wowote.

Kutenganisha A na C ni rahisi kwa sababu waliomo ni wagonjwa hasa na wazima hasa. Anayemjia daktari kwa kawaida yuko katikati. Daktari naye hatumii dakika; anatumia kielelezo cha AHI, ambacho ni idadi ya apnia na hipopnia kwa kila saa ya usingizi, ambapo 5 hadi chini ya 15 huitwa hali nyepesi, 15 hadi chini ya 30 hali ya wastani, na 30 au zaidi hali kali. Dakika moja yenye lebo ya apnia yaweza kubeba tukio moja au matatu, kwa hiyo dakika zako hazibadiliki kuwa AHI kwa kugawanya tu. Isitoshe, kigawanyo ni saa za usingizi, ambazo hupimwa kwa EEG (umeme wa ubongo), mwendo wa macho na mkazo wa misuli ya kidevu katika vipande vya sekunde 30. ECG hukadiria usingizi kwa mbali tu: katika usingizi mzito wa N3 mapigo huwa tulivu na hufuata pumzi kwa utaratibu, katika usingizi wa ndoto huwa ya vurugu, na mtu aliyelala macho wazi akiwaza ada ya shule anaweza kufanana na yeyote kati yao. Mgonjwa aliyelala saa nne kati ya nane alizokuwa kitandani atapata nusu ya kielelezo chake cha kweli ukigawanya kwa nane.

Sasa kuhusu wale ambao ECG itakudanganya kwao hata ukifanya kila kitu sawasawa, na hapa ningekushauri uandike sura nzima. Mzunguko wa mapigo nilioueleza unahitaji neva zinazofanya kazi. Aliyepandikizwa moyo hana neva ya vagasi iliyounganishwa na moyo huo, mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na neva zilizoharibika, anayemeza dawa za kuzuia beta hupata mwitikio uliofifia, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo hupata mapigo yanayoamuliwa na kifaa. Hao wote wanaweza kukatika pumzi usiku kucha ilhali safu ya RR imetulia. Kwa upande mwingine, wapo watu ambao miguu yao hurushwa kila baada ya sekunde 20 hadi 40 usingizini, na kila mrusho huambatana na kupanda kwa mapigo. Kwenye safu ya RR wanafanana na wagonjwa wa apnia, ingawa pumzi yao haina tatizo. Mchoro wa pumzi uliochimbwa kutoka vimo vya R husaidia kiasi kuwatenga, na hii ni sababu nzuri ya kutoutumia muda wa RR peke yake.

Mpapatiko wa atria, yaani hali ambayo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka ovyo badala ya kupiga, unastahili kutazamwa peke yake. Katika ECG wimbi P hutoweka na muda wa RR hukosa mpangilio wowote, hivyo nguvu husambaa katika masafa yote na kipimo chako cha mzunguko hakina maana tena. Wagonjwa wa apnia ndio hasa walio katika hatari kubwa zaidi ya kuupata mpapatiko huo, kwa hiyo huwezi kuuchukulia kuwa jambo la nadra. Programu inapaswa kuamua mdundo kwanza. Ikikuta mpapatiko, isitoe kielelezo cha apnia. Itoe taarifa ya mpapatiko wenyewe, ambao kwa daktari ni habari nzito kuliko apnia aliyokuwa akiitafuta, kwa sababu ya hatari ya kiharusi. Vivyo hivyo kwa mapigo yanayosimama kwa sekunde kadhaa usiku: ukiwa na safu ya RR mkononi tayari, ni uzembe kuyaacha yapite bila kuyataja.

Mpaka mmoja wa kanzidata hii hauwezi kuvukwa kwa hila yoyote ya uchakataji. Apnia zote zilizomo ni za kuziba au mchanganyiko. Apnia halisi ya kati, ambayo ubongo wenyewe huacha kuamuru pumzi, haimo, wala upumuaji wa Cheyne-Stokes, ambao hupanda na kushuka kwa mizunguko ya angalau sekunde 40 na huonekana sana kwa watu ambao moyo wao umeshindwa kusukuma damu ipasavyo. Programu iliyofunzwa kwa rekodi hizi ikikutana na Cheyne-Stokes itaona mzunguko na kusema apnia, bila kujua ni ya aina gani. Hilo si kosa dogo la lebo. Jaribio la SERVE-HF, lililochapishwa mwaka 2015, lilihusu wagonjwa wa kushindwa kwa moyo wenye apnia ya kati, ambao moyo wao ulitoa kwa kila pigo asilimia 45 au chini ya damu iliyomo katika chumba cha kushoto. Wale waliowekewa mashine ya kupumulia inayojirekebisha yenyewe walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa kwa wingi kuliko wale ambao hawakuwekewa. Kujua aina ya apnia kunaamua matibabu, na kwa hilo zinahitajika mikanda ya kifua na tumbo pamoja na kipimo cha mtiririko wa hewa puani.

Kwa hiyo dai unaloweza kulitetea mbele ya msimamizi ni hili: ECG ya usiku inaweza kupanga foleni, ikionyesha nani atangulie kupelekwa kwenye polisomnografia, yaani kipimo kamili cha usingizi, lakini haiwezi kumwambia mtu kwamba hana apnia. Ukitaka kulipa dai hilo nguvu, ijaribu programu yako, bila kuigusa tena, kwenye rekodi za mahali pengine. PhysioNet ina kanzidata ya University College Dublin na hospitali ya St. Vincent's yenye rekodi 25 za usiku mzima, na ile ya MIT-BIH ya polisomnografia yenye rekodi 18, ambayo ni ngumu zaidi na kwa hiyo inafaa zaidi. Toa kiwango cha shaka kwa kuhesabu watu, si dakika. Ukiwapanga sawasawa watu 33 kati ya 35, hiyo ni asilimia 94, lakini kwa idadi ndogo hivyo kiwango cha kweli chaweza kuwa popote kati ya takriban 81 na 98. Dakika 17,000 hazikuongezei hata mtu mmoja.

Kabla ya kubadilisha mfumo wa kujifunza, kaa na rekodi tatu ambazo programu imezikosea zaidi, chora RR, kimo cha R na lebo kwenye ukurasa mmoja, usogee dakika kumi kumi. Rekodi nane kati ya hizo 70 zina pia ishara za pumzi na oksijeni, zikiwemo a01 hadi a04, kwa hiyo unaweza kuona kwa macho yako hewa inakatika wakati gani na moyo unaitikia baada ya sekunde ngapi. Mara nyingi utakuta sababu ni elektrodi iliyolegea au mapigo ya mapema, wala si udhaifu wa mfumo.

Kuhusu saa ya mkononi, jibu ni ndiyo kwa sharti. Saa husoma mabadiliko ya mwanga kadiri damu inavyopita mkononi, na kilele cha wimbi hilo ni cha mviringo, hivyo wakati wa pigo haujulikani kwa usahihi wa wimbi R. Kwa mizunguko ya makumi ya sekunde hasara hiyo inavumilika. Kwa kutambua mapigo ya mapema au wimbi P haivumiliki, na mchoro wa pumzi kutoka vimo vya R unaupoteza kabisa, ingawa ukubwa wa wimbi la damu hukupa mbadala hafifu. Adui mkubwa ni mkono unaosogea, na kwa bahati mbaya mkono husogea hasa pale mtu anapozinduka mwishoni mwa apnia, yaani katika sekunde unazozihitaji zaidi, kwa hiyo usizitupe dakika zenye msukosuko bila kuhesabu ni ngapi kati yake zilikuwa za apnia. Ikiwa saa inapima pia oksijeni, itumie kwa tahadhari. Kipimo hutegemea mwanga mwekundu na wa infraredi kupenya ngozi, na imeonekana hata kwa vipimo vya hospitali vya kidoleni kwamba kwa watu wenye ngozi nyeusi vinaweza kuonyesha oksijeni iliyo juu kuliko ilivyo kweli. Katika apnia, wakati mwingine ni mteremko na kurudi kwa oksijeni unaokufaa kuliko namba yenyewe, kwa kuwa mteremko huonekana hata pale kiwango kilipopotoka. Rekodi saa na ECG pamoja kwa usiku mmoja kwa watu wachache wanaokubali, baada ya kupata kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, ulinganishe safu mbili za mapigo kabla ya kuigusa apnia.